Wapandaji Arobaini

Tarehe 6 Januari

Wewe mjukuu,

Kabla ya salamu nikugombeze, maana salamu huna haki nazo. Hiki ulichonitumia ni barua au karatasi ya dawa? Mistari mitatu, na nyuma yake pameandikwa namba za miwani ya mtu nisiyemjua. Tangu mavuno umekaa kimya, halafu unaniandikia, "Bibi, lile shamba la chini bado lina majani? Nina jambo nataka kukuomba." Jambo gani? Mtu mwenye jambo asilolisema yeye hulala usingizi, anayekesha ni yule aliyeachiwa. Hiyo karatasi imekaa mfukoni mwa sweta langu mpaka imelegea. Nikipika naitoa naisoma, nikilisha kuku naitoa naisoma, utadhani herufi zitaongezeka.

Na usinipigie simu. Kwenye simu unaniambia, "Bibi, ngoja nitakupigia baadaye," unakata. Karatasi haikatiki.

Shikamoo sijaiona humo ndani, lakini naitikia hivyo hivyo: marahaba.

Huku sisi wazima. Kuku mweupe anaatamia mayai ya mwenzake na anamdonoa mwenyewe akisogea. Paa la jikoni lilikuwa linavuja, nimelibandika. Majani unayoyauliza yapo, yamenifika kiunoni. Shemeji yangu, huyo babu yako mdogo, kila asubuhi anapita mpakani mikono nyuma, analitazama shamba la mume wetu kama mtu anayepima ng'ombe mnadani. Juzi alinisimamisha bombani mbele ya watu. "Shemeji," akasema, "ardhi isiyolimwa ni aibu ya ukoo. Mvua hii ikipita hujapanda, tutakaa kikao nipewe mimi niwagawie wanangu. Wao wana mikono."

Nikamwambia, na mimi ninayo miwili, hesabu.

Usianze kunipa pole. Nakueleza ili ujue tu, siombi kitu. Lile shamba tulilifyeka mimi na babu yako kabla baba yako hajaota meno, na halitoki kwangu kwa sababu ya mtu anayetembea mikono nyuma. Mvua bado, na mimi bado.

Mwandiko ukiuona umelala, ni meza. Mguu mmoja mfupi.

Sasa sema jambo lako. Kama ni mchumba, taja kazi yake. Kama ni ugonjwa, taja panapouma.

Ni mimi mke mwenzio,
Bibi


Tarehe 21 Januari

Bibi yangu,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine kwa ile niliyoisahau.

Mimi mzima, mchumba hakuna, panapouma hakuna. Kazi ni ile ile. Chumba changu cha kupimia macho ni kidogo kama kabati la nguo, taa nazima, mtu anakaa kwenye kiti kirefu anaangalia ubao wa herufi, nami nambadilishia vioo na kumwuliza, "Ipi nzuri, ya kwanza au ya pili?" Nauliza hivyo kutwa. Juzi muuza mkate aliniuliza nataka mkubwa au mdogo, nikamjibu, "Nirudishie ule wa kwanza."

Habari za babu mdogo zimenikera. Mwache apite, njia haina mwenyewe.

Jambo langu ni hili. Mimi na wenzangu tuna chama. Ni chama cha wapandaji. Si kazi, Bibi, ni mapenzi tu. Yupo mwalimu wa hesabu, yupo dereva wa kreni, yupo mama mmoja anayeshona mapazia, watu wa kila namna. Mara moja kwa mwaka tunatafuta mahali mbali na mji, tunakutana wikendi moja, mchana tunapanda, jioni tunakoka moto tunazungumza, na wazoefu wanawafundisha wageni. Mwaka huu nimechaguliwa mimi kuandaa. Nikakumbuka shamba la chini, na ule mto, na vile vilima ng'ambo yake.

Tutakuwa watu arobaini. Kila mmoja anakuja na mashine yake. Tutalala hapo hapo shambani kwenye mahema, kuanzia Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa tatu mpaka Jumapili, maana kipindi hicho ardhi inakuwa imelainika. Chakula, maji na vyoo ni juu yetu, na takataka tunaondoka nazo. Wewe ni ruhusa yako tu.

Habari za mashine zenyewe nitakueleza tukionana.

Mjukuu wako


Tarehe 3 Februari

Mke mwenzangu,

Marahaba mbili. Hapa wote wazima, yule kuku ametotoa na mwenye mayai sasa anawadai vifaranga wake, kelele uani kama kikao cha mirathi.

Barua yako nimeisoma ikanizungusha kichwa. Nimeisoma mlangoni penye mwanga, nimeisoma nimekaa, nimeisoma nimesimama, bado. Nilipoona neno mahema moyo ulishtuka. Hema mimi nalijua la msiba na la harusi. Nikajiuliza, amekufa nani ninayefichwa? Ndipo nikarudi juu nikaona wapandaji, nikatulia kidogo, halafu nikachanganyikiwa upya.

Watu wa mjini mnapanda kwa mapenzi? Mimi nimepanda tangu sijajua kujiogesha, na sijawahi kukutana na mtu aliyeamka alfajiri akainama mpaka kiuno kikalia, halafu akasema ni mapenzi. Lakini dunia ina mengi. Kama mtu analipa pesa kwenda kuinua vyuma ndani ya nyumba, vyuma ambavyo haviendi popote, basi hata hili linawezekana.

Na mashine arobaini? Mashine ya kupanda nimewahi kuiona moja tu, ya wale wa mradi, ilitoa moshi na kelele ikafa siku ya pili. Nyinyi kila mtu na yake? Hukuniambia mtapanda nini. Hukuniambia kwa nini siku mbili nzima, watu arobaini shamba lile mtalimaliza kabla ya chai. Na mbona mlale kwenye hema kama askari wakati chumba chako kipo na kitanda kipo?

Nilimwambia shemeji mpakani, nikiwa nimesimama wima, kwamba mjukuu wangu analeta wapandaji arobaini na mashine. Akasema, "Arobaini ni siku za mwizi, shemeji." Nikamwambia, basi mwizi ajihadhari. Siku hiyo alitembea mikono mbele.

Ruhusa umepata. Lakini ijulikane kwa wenzako kwamba mimi ndiye ninayewapa nafasi. Mtu asije akasema alikuja kumsaidia bibi kizee.

Jibu maswali yangu yote, usiruke hata moja. Wewe una tabia ya kuruka.

Bibi yako


Tarehe 18 Februari

Bibi yangu,

Shikamoo. Nimefurahi mpaka mgonjwa aliyekuwa kwenye kiti ameniuliza nimeshinda nini. Niliogopa sana kukuandikia jambo hili, nilidhani ungechachamaa. Naona umeelewa mapema na hukugomba. Nimeshusha pumzi.

Umeuliza tunapanda nini. Kila mtu na chake, Bibi. Wengine kubwa kupita miili yao, wengine ndogo. Mimi yangu ndogo.

Umeuliza kwa nini siku mbili. Hatupandi hapo shambani tu. Asubuhi tunavuka mto, tunapanda vile vilima mpaka juu, tunashuka upande wa pili, tunarudi jioni. Mvua ikinyesha ndiyo raha yenyewe, tairi zetu zina meno na yanapenda matope. Mtu akianguka tunamcheka kwanza, halafu tunamwinua.

Mahema ni kwa sababu ya kuwa pamoja. Nikilala ndani kitandani, wenzangu wataniita mtoto wa bibi.

Nakuomba kitu kimoja: usifyeke, usilime, usihangaike na lolote. Majani ya shamba la chini yaache kama yalivyo, ndiyo godoro letu.

Mjukuu wako


Tarehe 4 Machi

Mke mwenzangu,

Huu mwezi wa pili umekwisha hujanijibu. Nilikuambia una tabia ya kuruka maswali, leo umeruka barua nzima. Hata hivyo mimi sikukaa kukusubiri, mvua haijui kuwa hujaandika.

Shamba limelimwa lote. Mwenye trekta ni yule niliyempokea kwa mikono hii siku mama yake alipojifungua nyuma ya ghala, kwa hiyo nilipomwita alikuja. Amelima kina kirefu, udongo umegeuka mweusi kama kahawa iliyokaangwa. Majani yote yamezikwa. Nilisimama pembeni mpaka jua likanipiga, na shemeji naye alisimama upande wake wa mpaka. Akiondoka akasema, "Kulima ni kulima. Tutaona nani atapanda."

Mbegu za mahindi na maharage nimezitandaza chumbani kwako. Ukitaka kulala kitandani utalala juu ya maharage, kwa hiyo hema lako limepata maana.

Nimefungua tena bahasha. Dereva wa basi amepita sasa hivi akanipa barua yako ya tarehe 18. Alikuwa ameikunja akazibia dirisha linalogongagonga, anasema alisahau kuwa ni barua. Nimemwambia siku nitakayomsahau na mimi, ataijua.

Nimeisoma nikiwa nimesimama barabarani. Mjukuu, wewe uko sawa kichwani? Majani yabaki? Mtu anapanda juu ya majani? Na vilima vile ni mawe matupu, mnakwenda kupanda nini kule juu ambako hata mbuzi hashibi? Halafu mnaanguka. Mimi nimepanda miaka yote hii sijawahi kuanguka, mtu anayepanda amekwishainama, ataangukia wapi? Na hicho chako kidogo, ni nini hicho kidogo? Bizari? Mchicha?

Sielewi. Nikisoma neno moja moja naelewa, nikiyaweka pamoja yananikimbia. Nimemsomea dereva, naye hakuelewa, akaniuliza kama mna dini mpya.

Andika upya, polepole, kama unayemweleza mgeni njia.

Bibi yako


Tarehe 11 Machi

Bibi yangu,

Shikamoo. Barua yako nilipoifungua, nilitafuta kiti.

Nilidhani labda nimeisoma vibaya, nikampigia babu mdogo kumwuliza kama njia inapitika. Akaniambia njia ni nzuri na shamba limelimwa, tunasubiriwa sisi na majembe. Nikamwambia, "Babu, sisi tunapanda pikipiki." Alicheka mpaka simu ikawa inakoroma.

Basi nimelitaja. Pikipiki, Bibi. Zile kubwa, za safari ndefu na njia mbaya. Sisi ni wapandaji wa pikipiki. Nilisema mashine kwa sababu nilijua nikiandika neno lenyewe barua ingeishia motoni. Sijasahau siku ile bomba la moshi la pikipiki ya mjomba liliponichoma shavu la mguu, ukanitia mguu kwenye beseni la maji na kuniapisha nisiguse tena hicho chombo. Niliapa kwa sababu maji yalikuwa ya baridi na nilitaka unitoe. Sasa ni mwaka wa nne naendesha. Mlolongo mzima wa maneno niliyokuandikia ulikuwa wa kukwepa neno moja, na hilo neno ndilo limelima shamba.

Unanitaka nieleze polepole. Kutwa niko gizani nawauliza watu ipi nzuri, ya kwanza au ya pili. Nikipanda ile kitu sina wa kumwuliza wala wa kuniuliza. Ninaona mbali. Sijui kueleza zaidi ya hapo.

Lakini babu mdogo hakucheka mwanzo hadi mwisho. Akasema, "Bibi yako hajakuambia?" Kisha akanieleza kwamba uliteleza kwenye ngazi ya ghala baada ya mavuno, na tangu hapo mkono wa kulia hauinuki kupita kifua. Maji unachotewa na majirani. Kilemba huwezi kujifunga. Paa la jikoni alilibandika yeye. Na ile meza, Bibi, mguu wake niliutengeneza mimi mwenyewe mwaka juzi, na ulikaa sawa.

Mkutano nitauhamishia kwingine. Shamba likishalimwa mahema hayawezi kusimama, na sitaki ukoo ukucheke kwa ajili yangu. Niambie nifanye nini kuhusu bega. Hospitali ipo hapa karibu na ninapofanya kazi.

Mjukuu wako


Tarehe 17 Machi

Wewe,

Salamu utazikuta mwisho kama nitakumbuka.

Bega langu halikuhusu. Huyo babu yako mdogo mdomo wake hauna kizibo. Ndiyo, alipanda juu ya jiko akabandika, na mimi nilimshikia ngazi kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo tulibandika wote. Nilikuandikia kwa mkono gani barua zote hizi? Huo huo unaosema umekufa. Unalala, lakini unaandika.

Sasa tuje kwako. Miaka minne unanidanganya, na mimi nasimama bombani najigamba wapandaji, wapandaji. Kumbe ni watu wanaopakatwa na vyuma. Nimejaribu kuelewa, Mungu ananiona. Mnatoka asubuhi. Mnavuka mto. Mnapanda mlima ambao hamna shida nao. Mnaanguka, mnachekana, mnainuana. Mnarudi palepale mlipotoka mkiwa na matope mpaka kwenye nyusi, hamkuleta hata kuni. Ng'ombe wangu akifanya hivyo ninamwita daktari wa mifugo. Nakuuliza, mnakwenda wapi? Jibu la "naona mbali" sijalielewa. Mpima macho ndiye asiyeona?

Unasema utahamisha. Hamisha. Hapa pameshahama penyewe. Babu yako mdogo amewapelekea wazee habari, kwamba shamba limelimwa kwa mbwembwe na hakuna wa kupanda, na Jumapili ile ile mliyokuwa mje, wanakuja kulikagua. Wasipokuta mbegu ardhini, wanakaa kikao apewe yeye. Siwezi kusema anakosea kila kitu. Wanawe watatu wanalala chumba kimoja na baiskeli. Lakini shida yake haikuanza kwenye shamba langu na haitaishia hapo.

Nilimpa mbegu mwanamke wa jirani anisaidie mstari mmoja. Alifanya mpaka katikati mtoto wake akalia, akaenda. Kila mtu sasa hivi anapanda kwake, hakuna wa kuazima. Mimi nilijaribu mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Nusu mstari, tena umepinda kama mkia wa mbwa. Nakueleza ili usije ukausikia kwa mwingine.

Na unadhani ninamtunzia nani hilo shamba? Mimi nitaula udongo wake? Nilikuwa nataka likukute wewe, siku utakapochoka kuuliza watu ya kwanza au ya pili. Mwana wa kike kupewa shamba, wazee walikuwa hawataki kusikia, na nilipanga watake kwa nguvu siku wakiliona limejaa. Ndiyo hivyo.

Msije. Hospitali pia siji.

Nimekumbuka. Salamu.

Bibi yako


Tarehe 21 Machi

Bibi,

Shikamoo.

Swali moja tu, na usiliruke. Shimo moja, mbegu ngapi?

Mwalimu wa hesabu anataka kujua kabla ya kufunga mzigo.

Mjukuu wako


Tarehe 24 Machi

Mke mwenzangu,

Marahaba. Dereva wa basi ameileta barua yako mkononi, haijakunjwa, akasimama mlangoni akisubiri nisome kwa sauti. Nilimfungia mlango, nikakaa chini na ule mstari wako mmoja. Hukuomba msamaha, hukusema mnakuja, hukusema hamji. Hii ndiyo barua yako ya kwanza ambayo haikunichanganya.

Tatu. Moja ya ndege, moja ya kuoza, moja ya kuota. Maharage mawili, katikati ya mahindi, si juu yake. Kutoka shimo hadi shimo hatua moja ya mwanamke wa kawaida, si ya huyo dereva wa kreni kama ni mrefu. Kina ni kidole cha shahada mpaka kifundo cha pili. Mwambie mwalimu wa hesabu alete kamba ndefu aifunge kwenye vijiti viwili, mistari inyooke. Mimi nilipinda nusu mstari, huo muuache ulivyo, ni wangu.

Majembe hapa yapo tisa. Mengine mje nayo. Usiniulize mtayafunga wapi kwenye hizo pikipiki, watu wanaoweza kupanda mlima bila shida yoyote hawawezi kushindwa na mpini.

Mahema hayatasimama kwenye udongo uliolimwa, nimekwenda kwa shemeji kumwomba malisho yake ya kando ya mto. Alikataa. Nikamwambia kuna watu arobaini, na asubuhi watu arobaini hunywa chai, na yeye ana ng'ombe wanne wanaokamuliwa. Alifikiri kidogo akasema majani yale ni mazuri kwa kulalia. Wanawe watatu watakuja kupanda nanyi, wamejileta wenyewe, nadhani wanataka kuziona hizo mashine kwa karibu. Nimewaambia kwanza mstari, halafu kutazama.

Ijumaa mtapanda mpaka jua lichwee. Jumamosi asubuhi mtamalizia. Kuanzia hapo nendeni mkaanguke mnavyotaka huko vilimani, sitawauliza. Bado sielewi mnakokwenda. Nimeacha kutaka kuelewa, maana kila nikikaribia kichwa kinaniuma, na kichwa hicho ndicho kizima nilichobaki nacho.

Wewe uje mbele ya wenzako, wa kwanza kabisa, na uje juu ya hiyo hiyo yako ndogo. Usiiache barabarani ukatembea kwa miguu kama uliyeiba. Nimeshaambiwa na dunia nzima, nataka nione na mimi. Ukifika utaninyanyulia mkono unifunge kilemba, nisiwapokee wageni kichwa wazi. Habari ya bega usiitaje mbele ya mtu. Hospitali tutaizungumza maharage yakishaota, na nimesema tutaizungumza, sikusema nitakwenda.

Sasa sikiliza hili vizuri, ndilo kubwa. Jumapili wazee wanakuja na babu yako mdogo yuko mbele yao. Jana alisimama mpakani, akaniuliza habari za mvua, akaniuliza habari za vifaranga, halafu, kana kwamba ni neno lililomtoka tu, akaniuliza kama kwenye hizo pikipiki mtu wa umri wake anaweza kukaa nyuma. Nikamwambia nitamwuliza mwenye chombo. Alikuwa anachora chini kwa fimbo kama mvulana.

Kwa hiyo Jumapili, wakifika tu, kabla hawajakaa kwenye kiti chochote, mpandishe. Mfunge kofia lako lile gumu mwenyewe, mwambie akushike kiuno asiwe na haya, wewe ni mjukuu wake. Mzungushe mpakani kutoka jiwe la mto mpaka jiwe la barabara, upande mmoja hadi mwingine, wazee wakiangalia. Usiende haraka. Nenda mwendo wa mtu anayehesabu, mstari baada ya mstari, aone mashimo yaliyofukiwa kila pembe. Akikupiga begani akasema ameona, usisimame. Mzungushe tena.

Bibi yako